Shilingi 45,000 za Kozi ya Intavyu

Zamu yangu ya chama ilifika Jumapili ya pili ya Machi. Shilingi 60,000 ziliingia kwenye simu nikiwa ndani ya matatu, natoka kwa Mama Njoro kurudi mjini Nakuru, na kabla hatujafika stejini nilikuwa nimeshazigawa: 15,000 za tangi la maji la Mama, 45,000 za kozi ya mtandaoni ya kujiandaa kwa intavyu za programu. Kozi yenyewe ilikuwa dola 349. Kwa shilingi 129 kwa dola, bei ya siku hiyo, ni shilingi 45,021. Hesabu zilivyooana, niliona kama kuna mtu amenipangia.

Naandika haya kwa sababu ndani ya miezi mitatu watu watano wameniuliza swali hilohilo, wengi wao tuliosoma nao Chuo Kikuu cha Egerton: hizi kozi za kujiandaa kwa intavyu za programu, nilipe ama nisilipe? Huwa najibu kwa simu, mbiombio, na kila nikikata naona lile la maana sijalisema. Kulisema lazima nianze na Februari.

Mimi nasimamia mfumo wa mauzo wa duka la jumla la mbegu na dawa za mifugo hapa Nakuru. Huu ni mwaka wa nne, mshahara shilingi 38,000. Tajiri ni mtu mwema na kazi naipenda, ila hapo nilipo hakuna pa kupanda. Ndipo nikaanza kuomba kazi za kufanyia nyumbani, na Februari kampuni moja ya nje ikanipa intavyu ya dakika 45.

Kwa ambaye hajaipitia, iko hivi. Unakaa mbele ya laptopu, mtu anakutazama kwenye video, na nyote wawili mnaona ukurasa mmoja mtupu. Anaweka swali. Unaandika programu akiangalia, na mara nyingi ukurasa huo hauendeshi chochote, kwa hiyo huwezi kujaribu ukaona kama imekubali. Tena unatakiwa kusema unachofikiria wakati uleule unapofikiria. Swali langu lilikuwa hili: una orodha ya namba, nyingine hasi, na una namba moja iitwayo k, hesabu ni vipande vingapi vya namba zinazofuatana ambavyo jumla yake ni k.

Niliandika vitanzi viwili, yaani sehemu za programu zinazojirudia, kimoja ndani ya kingine. Anzia hapa, jumlisha moja moja mpaka mwisho, kisha anzia inayofuata. Jibu lilikuwa sahihi. Akauliza, orodha ikiwa na namba laki moja je? Tatizo nililiona. Namba laki moja zina vipande zaidi ya bilioni 5, na programu yangu ingevipitia vyote. Akauliza kama kuna njia ya kupita orodha mara moja tu. Hapo nikanyamaza. Nilikuwa nafikiri, tena kwa nguvu zangu zote, lakini yule aliyekuwa kwenye video aliona kimya tu, na kimya hicho kilikula dakika kumi na moja. Barua pepe ya kunishukuru na kunitakia heri ilifika kesho yake kabla ya chai ya saa nne.

Nililia, sitaficha. Halafu nikatafuta mtandaoni jinsi ya kufaulu intavyu, na kuanzia jioni hiyo matangazo hayakuniacha. Ile kozi ya dola 349 ilisema kila neno nililotaka kusikia. Wiki 12, saa 80 za video, maswali 200 yaliyopangwa kwa mbinu, cheti, hakikisho la kurudishiwa pesa usipopata kazi. Juu ya ukurasa kulikuwa na saa inayohesabu kushuka: punguzo linaisha baada ya siku mbili. Saa hiyo ni ya uongo. Nimerudi kwenye ukurasa ule mara nyingi na kila mara inaanza upya siku mbili. Inaniudhi mpaka leo, kwa sababu najua anayeharakishwa nayo ni nani: ni mtu aliyekosa kazi jana.

Jioni ya ile Jumapili nilimpigia binamu yangu aliye Nairobi, mhandisi wa programu, anielekeze kulipa kwa kadi ya GlobalPay ya M-Pesa.

“Nitakuelekeza, dada,” akasema. “Lakini kabla hujatuma, niambie kitu kimoja. Februari ulianguka kwa nini?”

Nikamwambia nilishindwa na swali.

“Hilo najua. Nauliza kwa nini.”

Sikuwa na jibu. Yeye mwenyewe alilipia kozi ya aina hiyo mwaka 2021 na hajuti. Alisomea uhandisi wa umeme, algoriti, yaani mbinu za kutatua swali hatua kwa hatua, hakuwahi kufundishwa, na pengo lake alilijua kabla ya kutoa pesa. Dukani kwetu mkulima akija kuomba dawa ya ng'ombe, swali la kwanza ni dalili. Ng'ombe amekataa kula? Anakohoa? Maziwa yamepungua tangu lini? Asipojua, tunamwambia aende akaangalie kwanza. Mimi nilikuwa nataka dawa ya 45,000 na dalili sizijui.

Tulikubaliana nisubiri siku 14. Nilinunua daftari la kurasa 96. Kila siku saa kumi na moja alfajiri, kabla ya kazi, nilifanya swali moja au mawili kutoka orodha iitwayo Blind 75. Ni maswali 75 yaliyochaguliwa na Yangshun Tay, aliyekuwa mhandisi wa Facebook, na orodha haiuzwi. Maswali yenyewe yako LeetCode, tovuti ya kufanyia mazoezi ya intavyu, na isipokuwa machache yote yanafunguka bure. Sharti nililojiwekea lilikuwa moja: nikishindwa, niandike sababu kwa sentensi moja kabla ya kufungua jibu.

Siku ya 14 nilikuwa na maswali 24, na kati yake 11 nilikuwa nimeshindwa. Nilikaa kitandani nikazisoma zile sentensi 11. Mawili sikujua mbinu kabisa: moja lilitaka hipu, namna ya kupanga data ili iliyo ndogo au kubwa kuliko zote ipatikane upesi, jingine lilihusu kupanga kazi zinazotegemeana, ambalo ni la grafu, yaani mtandao wa vitu vilivyounganishwa. Matatu nilianza kuandika kabla ya kusoma swali mpaka mwisho, na hilo ni la kujirekebisha mwenyewe. Sita yaliyobaki ndiyo yaliyonishtua. Nilipofungua jibu nilikuta kitu ninachokijua, sita yote, na lile la Februari la saba.

Hili la Februari nililigundua siku ya tisa, nikiwa kazini. Nilikuwa nalinganisha malipo ya M-Pesa na invoisi. Duka moja la Molo lilikuwa limetuma 8,300 bila maelezo yoyote, na invoisi zao ambazo hazijalipwa zilikuwa tano: 3,200, 1,500, 4,100, 2,700 na 900. Hakuna ya 8,300. Wateja wa namna hii hulipa kadhaa zinazofuatana kwa mpigo mmoja. Mimi huwa sijaribu kila mchanganyiko, siku haitoshi. Naangalia safu ya salio kwenye leja, namna deni lilivyopanda: 0, 3,200, 4,700, 8,800, 11,500, 12,400. Kisha natafuta masalio mawili yanayopishana kwa 8,300. Toa 3,200 kwenye 11,500. Basi amelipa ya pili, ya tatu na ya nne, kwisha. Nimefanya hivyo kwa miaka minne. Nilishaandika hata programu ndogo ya kunifanyia.

Mikono ilitoka kwenye kibodi yenyewe. Unapita orodha mara moja ukijumlisha. Kila jumla unayofikia unaiweka kwenye jedwali la hashi, yaani kumbukumbu ambayo ukiiuliza inajibu papo hapo, pamoja na idadi ya mara ilizotokea. Na kila hatua unaliuliza jedwali: jumla iliyo pungufu ya hii kwa k, nimeshaiona mara ngapi? Mwanzoni unaweka sifuri mara moja, la sivyo vipande vinavyoanzia kichwani mwa orodha havitahesabiwa. Namba laki moja, hatua laki moja. Swali lililonitoa kwenye ile kazi lilikuwa limekaa kwenye leja ya dukani kwetu muda wote.

Jumamosi yake nilimweleza Mama, jikoni Njoro, akichambua sukuma. Nilianza na “orodha ya namba” akaniangalia tu. Nikaingia kwenye invoisi. Katikati ya maneno yangu akapangusa mikono, akaenda chumbani, akarudi na kadi ya maziwa ya ushirika. Kadi ile ina lita za kila siku, na kando yake lita zote tangu mwezi uanze.

“Nikitaka kujua nimepeleka ngapi toka tarehe 11 mpaka 20,” akasema, “nachukua ya tarehe 20, natoa ya tarehe 10. Hiyo ndiyo walikuuliza kwa Kizungu?”

“Ndiyo hiyo, Mama.”

“Sasa mbona ulinyamaza?”

Hilo ndilo swali la binamu yangu, na wakati huu nilikuwa na jibu. Mimi hesabu nafikiri kwa Kiswahili. Namba zikianza kutembea kichwani, zinatembea kwa Kiswahili, na Februari nilitakiwa kuzisema kwa Kiingereza, mbele ya mtu nisiyemjua, papo kwa papo. Miaka minne ya chuo na minne ya kazi, hakuna aliyewahi kunitaka nifikiri kwa sauti. Mtihani unaufanya kimya. Kazini unaandika programu kimya, ukimaliza unaonyesha.

Nilirudi kwenye ukurasa wa kozi nikiwa na hilo mkononi, nikausoma kama mtu anayesoma mkataba wa shamba. Saa 80 za video ni saa 80 za mimi kunyamaza nikimsikiliza mwingine akiongea. Intavyu za mazoezi, zile za kukaa na mtu akuulize na akurekebishe, hazikuwemo kwenye dola 349. Zilikuwa kwenye kifurushi kinachozidi mara tatu ya bei hiyo. Na hakikisho la kurudishiwa pesa lilikuwa la wakazi wa nchi zilizotajwa chini kabisa, kwa maandishi madogo. Kenya haimo.

Yaliyobaki kwenye 349 yanapatikana bure, na nimeyatumia kwa hiyo nayasema kwa uhakika. Kwa yale maswali mawili niliyokuwa sijui mbinu yake, nilitazama mihadhara ya MIT, chuo kikuu cha Marekani, somo lao la algoriti liitwalo 6.006 la mwaka 2020, ambalo liko wazi kwa mtu yeyote kwenye tovuti yao ya OpenCourseWare. La hipu limo, la grafu limo. Mwalimu wa mtandaoni anayejiita NeetCode anaeleza maswali ya Blind 75 moja baada ya jingine kwenye YouTube, kwa utulivu, na ukihitaji unarudisha nyuma mara tatu. LeetCode Premium, ile ya kulipia, ilikuwa dola 35 kwa mwezi nilipoangalia, kama shilingi 4,500, au dola 159 kwa mwaka. Kikubwa unachopata ni kuona maswali yanayosemekana kuulizwa na kampuni fulani, pamoja na yale machache yaliyofungwa. Kama una intavyu ya kampuni kubwa baada ya wiki tatu, mwezi mmoja wa Premium ni pesa halali. Kama huna, subiri.

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanaoniuliza hawajajiuliza wao wenyewe: intavyu unayoendea ni ya aina gani? Tangu Microsoft ifungue kituo chake cha uhandisi Nairobi mwaka 2019, na Google itangaze chake mwaka 2022, kila mtu amekariri kwamba bila algoriti hupati kazi. Lakini mimi nimeomba kazi tatu za hapa nchini, na zote tatu zilinipa mradi wa kufanyia nyumbani. Moja ilitaka niunganishe malipo kwa Daraja, mfumo wa Safaricom wa kuunganisha programu na M-Pesa: mteja abonyeze, ombi la kuweka PIN limfikie kwenye simu, na mfumo ushughulikie jibu hata likija mara mbili. Hakuna video ya saa 80 kuhusu hipu na grafu itakayokufundisha la kufanya jibu la malipo linapokuja mara mbili. Piga simu, au mwandikie aliyekualika, umuulize intavyu itakuwaje. Wanajibu. Sikujua kwamba inaruhusiwa kuuliza.

Kozi sikulipia. Nilichofanya ni hiki. Mwenzangu tuliyesoma naye, sasa yuko Eldoret, naye anatafuta. Kila Jumatano na Jumamosi saa mbili usiku tunapigiana kwa video. Nusu saa ananiuliza, nusu saa namuuliza. Swali tunalieleza kwanza kwa Kiswahili mpaka limenyooka, halafu tunalirudia upya kwa Kiingereza kana kwamba hatujawahi kuliona. Ukinyamaza sekunde kumi, mwenzako anauliza, “Uko wapi?” Huruhusiwi kujibu “nafikiri tu”. Lazima useme unafikiri nini, hata kama ni upuuzi. Wiki mbili za kwanza zilikuwa ngumu kuliko hesabu yoyote niliyowahi kufanya. Stima ikipotea, na msimu wa mvua huku inapotea sana, tunaendelea kwa simu ya kawaida bila kuonana, na nimegundua hapo ndipo ninapojifunza zaidi, kwa sababu mwenzako haoni ulichoandika. Maneno yako ndiyo pekee aliyo nayo.

Na nililipa kitu. Nilimlipa mhandisi mmoja mwenye uzoefu wa kuwahoji watu, vikao viwili, 3,500 kila kimoja, ili anihoji kikweli na asinionee huruma. Kikao cha kwanza alianza na jambo dogo, kutafuta namba kwenye orodha iliyopangwa kwa kuigawa nusu kila mara. Niliandika katikati kama jumla ya mwanzo na mwisho, gawanya kwa mbili. Akaniuliza, hizo mbili zikiwa kubwa sana je? Nikahisi tumbo la Februari likirudi.

“Umesikia nini?” akaniuliza.

Nikasema, nimesikia kwamba nimekosea.

Akaniambia hapana. Kwenye Java, lugha ya kuandikia programu, jumla ya namba za aina ya int ikipita 2,147,483,647 inageuka kuwa hasi, na kosa hilohilo lilikaa ndani ya programu zinazokuja na Java yenyewe kwa takriban miaka tisa, mpaka mhandisi Joshua Bloch alipolieleza hadharani mwaka 2006. Watu waliobobea walilipita wote. Kwa hiyo anayekuuliza “je?” hajakufukuza. Amekuonyesha mlango, anataka kuona kama utaingia naye. Nilikumbuka ile “laki moja je?” Yule mtu wa Februari alikuwa ananisaidia, na mimi nilisikia hukumu. Elfu tatu na mia tano zangu zilirudi pale pale.

Watu wawili nimewashauri walipe. Mmoja ana mtoto wa miezi saba na saa tatu tu za nafasi kwa wiki. Kwake, kupangiwa kila kitu na mtu mwingine kunastahili pesa, kwa sababu saa moja ya kutafuta aanzie wapi ni theluthi ya wiki yake. Mwingine alisomea biashara, yuko pale alipokuwa binamu yangu 2021. Na mmoja aliniuliza kama achukue mkopo wa simu alipie. Huyo nilimwambia hapana kabla hajamaliza sentensi, na namwambia tena hapa kama anasoma. Mkopo wa mwezi mmoja kwa kazi ambayo huenda ikaja baada ya miezi minane utakunyima usingizi, na bila usingizi hutaweza hata kufikiri kwa sauti.

Mimi mwenyewe nimejiwekea mpaka wa mwisho wa Agosti. Daftari naendelea kuliandika. Ikifika Agosti na sentensi nyingi zikawa “sikujua mbinu”, nitalipa, na 38,000 zilizobaki kwenye zile 45,000 ziko kwenye sacco zinasubiri. Kwa sasa sentensi hizo ni mbili katika maswali 61.

Nina intavyu nyingine Alhamisi, saa tisa mchana. Niliwaandikia kuwauliza itakuwaje, wakajibu siku hiyohiyo: swali moja, dakika 60, ukurasa unaoendesha programu. Tajiri amenipa ruhusa na ameniachia stoo ya nyuma, kwa sababu intaneti ya pale haikatiki. Nitakaa kati ya magunia ya mbegu za mahindi. Mwenzangu wa Eldoret ananipigia kesho usiku kwa mara ya mwisho, na Mama amesema nisiende bila kadi ya maziwa. Iko kwenye mkoba.